Linux yangu inaishia kwenye nenosiri kisha skrini nyeusi. Umeme ulikatika katikati ya masasisho (Chake Chake)

#1 Chake_Steshenari
Salaam ndugu zangu. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, ndiyo roho ya steshenari yangu hapa Chake: mitihani ya skuli, barua, vyeti vya madrasa, vyote vinatoka humo. Ina Linux Mint 21 (mfumo wa uendeshaji) yenye desktopu ya Cinnamon. Juzi usiku nilikuwa naifanyia masasisho, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo haifiki kwenye desktopu. Ndani mna mitihani ya skuli mbili na wiki ijayo inatakiwa. Mpwa wangu kashaihangaikia akakata tamaa. Nianzie wapi kabla sijaambiwa niifomati?

#2 MpigaKibodi (Mlandege)
Usifomati kitu. Kwanza tueleze vizuri: inakataa kabla ya sehemu ya kuandika nenosiri au baada yake? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Ikiwa nyeusi tangu mwanzo, tunatazama draiva ya picha (programu inayoendesha kadi ya picha) na kerneli (kiini cha mfumo). Ikiwa unaandika nenosiri, skrini inazimika kidogo, kisha unarudishwa pale pale, hapo kinachoanguka ni kikao chako wewe, si mashine nzima.

#3 Kijana_Michenzani
Weka Windows upumzike, yakhe.

#4 Chake_Steshenari
@MpigaKibodi mara nyingi ni hiyo ya pili. Sehemu ya nenosiri inakuja, naandika, nyeusi, nenosiri tena. Lakini mara moja moja inabaki nyeusi na kishale kinameta juu kushoto, basi. Kuna kadi ya picha ya kuchomeka, GT 710, na waya wa VGA umetoka humo.

#5 FundiGombani
Mimi nafungua sipiyu za watu hapa Pemba kila siku. Fungua kifuniko, toa RAM, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha. Hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa" hufufuka kwa hilo tu.

#6 MpigaKibodi
Fundi, kwa heshima yako, RAM yenye kutu haimwachi mtu aandike nenosiri kisha imrudishe kwa adabu. Ingepiga mlio au kuganda ovyo ovyo. Steshenari, ikifika kwenye nenosiri bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini ya maandishi. Andika jina lako la kuingilia na nenosiri (nenosiri halionekani ukiliandika, usishtuke). Kurudi kwenye picha ni Ctrl, Alt na F7. Ukiingia, tuletee majibu ya hizi (ya kwanza inaonyesha nafasi ya diski, ya pili mwenye faili la funguo za skrini, ya tatu makosa ya mfumo; sudo ni kuamuru kwa mamlaka ya msimamizi):

df -h
ls -l ~/.Xauthority
sudo journalctl -b -p err

#7 Bi_Tunguu
Kabla ya kutengeneza chochote, toa mitihani. Ukishaingia kwenye hiyo skrini ya maandishi, chomeka flashi, kisha:

lsblk
sudo mount /dev/sdb1 /mnt
cp -r ~/Documents /mnt
sync
sudo umount /mnt

lsblk ni ya kukuonyesha flashi yako imepewa jina gani. Huenda isiwe sdb1, itambue kwa ukubwa wake. Na usiichomoe kabla ya umount. Mwalimu wa skuli hataki kusikia habari za kerneli, anataka karatasi.

#8 Ngisi_wa_Wete
@Bi_Tunguu hapo kwenye cp tia sudo. Flashi nyingi ni FAT (aina ya mpangilio wa mafaili), na ukiipachika kwa sudo inakuwa mali ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Mtumiaji wa kawaida akijaribu kuandika ataambiwa hana ruhusa.

#9 Bi_Tunguu
Sawa kabisa, ahsante Ngisi. sudo cp -r.

#10 Chake_Steshenari
Allah awalipe. Mitihani iko kwenye flashi, na nimeifungua kwenye laptopu ya jirani, iko salama. Sasa nina utulivu wa kuhangaika. Nayanakili majibu kutoka kwenye skrini:

/dev/sda2  28G  27G  0  100%  /
/dev/sda3  81G  39G  38G  51%  /home

-rw------- 1 root root .Xauthority

Hiyo ya tatu inatoa mistari mingi, unaojirudia ni huu: No space left on device.

#11 MpigaKibodi
Mwizi kapatikana. Diski imejaa pomoni. Kwenye ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) asilimia 5 ya nafasi huwekwa akiba ya root peke yake, ndiyo maana mfumo wenyewe unafanikiwa kuwaka mpaka kwenye nenosiri, huduma zake zinakula ile akiba. Ukiingia wewe mtumiaji wa kawaida, kikao kinataka kuandika vifaili vyake vidogo vidogo, hakipati hata baiti moja, kinakufa, unarudishwa. Safisha nafasi, mchezo umekwisha.

#12 Ngisi_wa_Wete
Taratibu, MpigaKibodi. Soma mstari wa pili wa df. /home yake iko kwenye sehemu nyingine, ina GB 38 wazi. .Xauthority inaandikwa ndani ya /home. Kwa hiyo kujaa kwa / (sehemu ya mfumo wenyewe) hakumzuii kuiandika. Kinachomzuia kiko waziwazi hapo: faili ni la root. Mwenye kikao ni yeye, funguo za X (programu inayochora skrini) zimo kwenye faili ambalo si lake. LightDM (ile inayoleta sehemu ya nenosiri) ikitaka kuandika humo kwa jina lake inakataliwa. Huo ndio mzunguko wa nenosiri wa tangu na tangu.

#13 MpigaKibodi
Na /tmp je? /var je? Hivyo viko kwenye /. Cinnamon ikianza inaandika /tmp pia.

#14 Ngisi_wa_Wete
Inaandika, sikatai. Lakini wewe ulisema ni .Xauthority... haya, hukusema, ulisema "vifaili vidogo vidogo". Basi vitaje.

#15 Kijana_Michenzani
Mpemba na Muunguja wameanza. Nani kaleta kahawa?

#16 Maalim_wa_Konde
Nakaribia kila uzi wa Linux unaotoka Pemba kwa sababu nilianza nao zamani na najua uchungu wake. Swali langu kwa mwenye uzi: yule mpwa wako alifanya nini hasa? Maana .Xauthority haijigeuzi kuwa ya root yenyewe. Kuna mkono wa mtu.

#17 Chake_Steshenari
Maalim, nimemuuliza. Anasema aliona kwenye video fulani kwamba ukishindwa kuingia uandike sudo startx kwenye ile skrini nyeusi. Akaandika. Anasema picha ilitokea kwa muda, ikafa.

#18 Maalim_wa_Konde
Ndiyo hapo. X ikaanzishwa na root ndani ya nyumba ya mtumiaji, faili likabaki na jina la root. Kwa hiyo Ngisi na MpigaKibodi wote wana lao: lipo tatizo la kwanza lililomkwamisha usiku ule, na lipo la pili lililoletwa na dawa. Ukiliondoa moja tu utadhani dawa haikufanya kazi, kumbe imefanya.

#19 Bi_Tunguu
Maalim, samahani nikuongezee. Zamani ndivyo ilivyokuwa, sudo kwenye Ubuntu iliacha HOME (anwani ya saraka ya nyumbani) ya mtumiaji vile vile ilivyo. Tangu Ubuntu 19.10 ilibadilishwa, ukiandika sudo sasa HOME inakuwa /root. Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04. Kwa hiyo sudo startx ya kawaida ingeandika /root/.Xauthority, si ya huyu bwana. Labda mpwa aliandika sudo -E, hiyo inabeba mazingira ya mtumiaji yalivyo.

#20 Maalim_wa_Konde
Hilo la 19.10 nimelipokea, dada. Basi na tuulizwe tena na mpwa.

#21 Chake_Steshenari
Mpwa hakumbuki. Anasema aliandika mambo mengi.

#22 Mtoro_Maskati
Wapemba wenzangu, niko Maskati lakini moyo uko Madungu. Hakuna anayeitazama kadi ya picha? GT 710 ni kadi ya kizazi cha Kepler. Draiva za NVIDIA kwa Kepler ziliishia tawi la 470, matawi mapya hayaitambui. Draiva hiyo inategemea moduli (kipande kinachoingia kwenye kerneli) inayojengwa upya na programu ya DKMS kila kerneli mpya inapoingia. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, moduli haipo. Na nouveau, ile draiva huria, imeshafungiwa mlango na draiva ya NVIDIA siku ilipowekwa. Hapo unabaki huna hii wala ile. Ile hali anayosema ya skrini nyeusi na kishale kinachometa inafanana na hivyo kuliko na kujaa kwa diski.

#23 Ngisi_wa_Wete
Lakini nenosiri analiona. X ikiwa hai mpaka inachora sehemu ya nenosiri, draiva ipo.

#24 Mtoro_Maskati
Siyo lazima. Sehemu ya nenosiri ni nyepesi, inachorwa hata na draiva duni kabisa. Cinnamon inataka 3D. Njia ya kujua ni hii: wakati wa kuwasha shikilia Shift (kama mashine ni ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa, gonga Esc) mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itokee, ingia mstari wa pili wenye orodha ya kerneli, chagua ya zamani. Ikiingia vizuri, basi kosa liko kwenye moduli ya kerneli mpya.

Ukikwama kabisa, kwenye GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwishoni tia nomodeset, kisha F10. Haibaki, ukizima inafutika, kwa hiyo haina hatari.

#25 Chake_Steshenari
Nimejaribu kerneli ya zamani. Nenosiri, nyeusi, nenosiri. Vile vile.

#26 Ngisi_wa_Wete
Haya, kadi imetoka kizimbani.

#27 Mtoro_Maskati
Haijatoka. Masasisho yalikuwa yanaendelea. Ikiwa maktaba za draiva zilishabadilishwa kuwa toleo jipya na moduli kwenye kerneli ya zamani imebaki toleo la nyuma, hazielewani, na kerneli huandika wazi neno NVRM pamoja na API mismatch. Andika sudo dmesg | grep NVRM utuletee. Hapo ndipo useme imetoka.

#28 FundiGombani
Na mimi bado sijatoka. Betri ya bodi mmeitazama? Ile CR2032. Mashine ya mtumba yenye umri huo, betri imekufa zamani, umeme ukikatika saa inarudi mwaka ilipozaliwa. Saa ikiwa mbovu apt (programu ya masasisho) inakataa kuchukua vifurushi, inasema orodha bado haijaanza kufaa. Utatengeneza vipi mfumo kama apt haikubali?

#29 MpigaKibodi
Hilo Fundi umelenga. Steshenari, andika date uone.

#30 Chake_Steshenari
date inaonyesha nyuma ya leo, lakini si miaka, ni kama siku chache tu. Kwenye BIOS ndiyo inaonyesha mwaka wa ajabu, 2013.

#31 Bi_Tunguu
Inaeleweka. systemd-timesyncd huhifadhi kwenye diski saa ya mwisho iliyoijua. Ikiwaka ikakuta saa ya bodi iko nyuma ya hiyo, inaisogeza mpaka pale. Kwa hiyo bila ya intaneti utapoteza muda ambao mashine ilikuwa imezimwa, si miaka. Ukiichomeka kwenye mtandao itajirekebisha. Betri nunua, ni senti kidogo.

#32 Ngisi_wa_Wete
Nilikuwa nataka kumwomba atuletee tarehe ya .Xauthority tujue lilibadilishwa kabla ya umeme kukatika au baada ya mpwa. Sasa kwa saa hii tarehe yenyewe haina maana.

#33 Maalim_wa_Konde
Ushahidi umeharibika, lakini kuna mwingine. Apt ina daftari lake. Angalia mwisho wa /var/log/apt/history.log. Kila kazi ina mstari wa Start-Date na mwisho wake End-Date. Ukikuta Start-Date bila ya End-Date, kazi ilikatizwa njiani.

#34 Chake_Steshenari
Nimeangalia. Ya mwisho ina Start-Date, orodha ndefu ya vifurushi (linux-image imo, nvidia imo, lightdm imo), na End-Date hakuna.

#35 Maalim_wa_Konde
Basi umeme ndio uliokata.

#36 MpigaKibodi
Au diski ilijaa katikati ya kazi, Maalim! Kerneli mpya ikifunguliwa inakula nafasi, moduli zake, initramfs yake (faili la kuwashia). Mashine yenye GB 28 ikiwa imeshakaribia kujaa, masasisho ndiyo yanayoimalizia. Halafu umeme ukaja kukata kitu ambacho tayari kimekwama.

#37 Chake_Steshenari
Mimi nilikuwepo pale. Umeme ulikatika feni zikiwa zinazunguka na mstari wa masasisho unatembea. Sikuona kosa lolote kabla.

#38 Kijana_Michenzani
Hii kesi iende mahakamani sasa.

#39 Mtoro_Maskati
Umeme mnaulalamikia leo, mimi nakumbuka Pemba ya jenereta za dizeli kabla ya kebo ya Tanga ya 2010. Saa chache kwa siku na hesabu yako umeipata. Na Unguja nao walikaa gizani toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kebo yao ilipoharibika, watu wanachota maji visimani kwa ndoo. Kompyuta nani aliifikiria?

#40 Bi_Tunguu
Mtoro hiyo miezi mitatu naikumbuka vizuri. Simu tulikuwa tunachaji dukani kwa mwenye jenereta, foleni kama ya mkate. Lakini turudini kwenye mada, huyu bwana ana duka.

Steshenari, nani anakula hizo GB 27? Andika:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

#41 Chake_Steshenari
Ukiacha jumla ya / yenyewe, kubwa kuliko zote: 14G /timeshift.

#42 Bi_Tunguu
Nilijua. Timeshift inapiga picha za mfumo na ukiiacha ihifadhi kwenye / hiyo hiyo, nakala ya kwanza inabeba karibu mfumo mzima. Zinazofuata zinashirikiana mafaili yasiyobadilika, kwa hiyo ni ndogo mpaka yaje masasisho makubwa. Kwenye sehemu ya GB 28, nakala na asili yake hazikai pamoja kwa raha.

sudo timeshift --list
sudo timeshift --delete

Ya pili itakuuliza ufute ipi. Anza na za zamani.

#43 Maalim_wa_Konde
Hapo mimi nasimama. Usifute zote! Huyu mtu ana masasisho yaliyokatika njiani. Hizo nakala ndiyo njia pekee ya kurudi kwenye mfumo ulivyokuwa kabla ya usiku ule. Ningekuwa mimi nisingefuta hata moja, ningerudisha ya karibuni kwa sudo timeshift --restore, na mambo yote ya draiva, dpkg (inayosakinisha vifurushi) na lightdm yangerudi pamoja. Mnang'ang'ania kushona nguo iliyochanika wakati mzima wake uko kabatini.

#44 MpigaKibodi
Maalim, kurudisha kwenye diski iliyojaa nako kuna hatari yake. Na kurudisha hakutagusa .Xauthority, maana kwa kawaida Timeshift haihusishi /home. Afute za zamani, abakishe moja ya mwisho, kisha amalizie masasisho:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

#45 Ngisi_wa_Wete
Na kabla ya hayo, naomba sana, fanya mstari mmoja tu na uwashe upya:

mv ~/.Xauthority ~/.Xauthority.kale

Saraka ni yako, kwa hiyo unaweza kuliondoa faili hata kama ni la root. Likiwa halipo, litaundwa jipya kwa jina lako. Ukiingia, tumejua. Usipoingia, mimi nanyamaza. Lakini usifanye yote kwa mkupuo mmoja, hatutajua kilichokuponya.

#46 Mtoro_Maskati
Naunga mkono Ngisi. Na kabla ya kuwasha, ile dmesg ya NVRM bado hujaitoa.

#47 Bi_Tunguu
Mimi nadhani mwenye duka hana haja ya kujua kilichomponya, ana haja ya kupona.

#48 Ngisi_wa_Wete
Dada, itakatika tena umeme. Asipojua leo, atarudi hapa na uzi huu huu.

#49 Chake_Steshenari
Ndugu zangu, IMEWAKA. Desktopu ile pale, ikoni zangu zote, LibreOffice inafunguka, printa inatoa. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni kwa hiyo nilipanga amri zote nikaziandika moja baada ya nyingine: nakala za zamani za Timeshift nimefuta nimebakisha ya mwisho, apt clean, vacuum, dpkg --configure -a (ilichukua muda mrefu, nikaona inajenga mambo ya nvidia na initramfs), apt -f install, .Xauthority nikaihamisha, nikachomeka simu kwa waya ipate intaneti saa ikarekebika, nikawasha upya. Nimewashukuruni sana, kila mmoja.

#50 Ngisi_wa_Wete
Alhamdulillahi. Ila roho yangu inauma.

#51 MpigaKibodi
Ameweza kwa sababu amepata nafasi. dpkg isingemaliza chochote kwenye asilimia 100. Nafasi ndiyo mama.

#52 Mtoro_Maskati
Kasema mwenyewe: "ikajenga mambo ya nvidia". Moduli haikuwepo au ilikuwa nusu. Steshenari, leta dkms status.

#53 Ngisi_wa_Wete
Na .Xauthority je? Angeacha la root pale, mngejenga moduli mpaka Maskati asingeingia.

#54 Chake_Steshenari
dkms status inasema nvidia 470, kerneli zote mbili, installed.

#55 Mtoro_Maskati
Zote mbili sasa. Jana je? Hapo ndipo nilipotaka dmesg. Jaribu sudo journalctl --list-boots, kisha journalctl -k -b na namba ya buti (kuwaka kwa mashine) ya siku ile, tafuta NVRM.

#56 Bi_Tunguu
Sidhani utapata cha maana. journald (inayotunza kumbukumbu za mfumo) kwa chaguo-msingi inataka asilimia 15 ya diski ibaki wazi, ikikosa inajibana na kufuta ya zamani. Kwenye diski iliyojaa ilikuwa haiwezi kuhifadhi kitu, na juu ya hapo keshapiga vacuum.

#57 Chake_Steshenari
Ni kweli, orodha ina buti za leo tu.

#58 FundiGombani
Mimi nasema tena, na leo msinicheke. SSD ambayo umeme umekatika juu yake mara kwa mara haitaki kuaminiwa. Weka smartmontools, andika sudo smartctl -a /dev/sda, tazama mstari wa sekta zilizohamishwa na wa makosa yasiyorekebishika. Zikiwa si sifuri, mazungumzo yote haya ya Xauthority ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Wapi diski hii ilinunuliwa?

#59 Chake_Steshenari
Ilikuja na mashine, Fundi. Nimeweka, nimeendesha. Sekta zilizohamishwa 0. Kuna mstari mwingine unaohesabu kuzimika bila ya taratibu, huo una namba kubwa sana.

#60 FundiGombani
Huo ndio umeme wetu ulivyojiandika. UPS, bwana, ile betri ya akiba. Ndogo tu ya kukupa muda wa kuzima kwa salama. Na usiichomekee printa ya leza, itaizidi nguvu.

#61 Maalim_wa_Konde
Na masasisho ufanye mchana, duka likiwa limetulia, UPS ikiwa imejaa. Timeshift ihamishie kwenye diski ya nje kama unayo. Kama huna, punguza idadi ya nakala iwe mbili. GB 28 kwa / ni ndogo kwa mtu wa Cinnamon, siku ukipata nafasi igawe upya.

#62 Kijana_Michenzani
Steshenari hongera. Halua ya Wete kilo moja kwa kila aliyechangia, mimi nimechangia mara tatu.

#63 Ngisi_wa_Wete
Wewe ulichangia Windows.

#64 Panza_Mkoani
Salaam. Nimesoma uzi wote tangu juu kwa sababu yangu imeanza jana hivyo hivyo: nenosiri, nyeusi, nenosiri. Nimefuata. df inaonyesha / ina GB 60 wazi. .Xauthority ni ya jina langu. Hakuna aliyeandika sudo startx, natumia peke yangu. Umeme haukukatika. History.log ina End-Date. Nimehamisha .Xauthority hata hivyo, bado.

#65 MpigaKibodi
df -i je? Nafasi inaweza kuwepo na inode (nafasi za kusajili mafaili) zikawa zimekwisha.

#66 Ngisi_wa_Wete
Na ls -ld /tmp. Inatakiwa iwe drwxrwxrwt. Ile t ya mwisho na ruhusa za wote zikikosekana, kikao kinaanguka vile vile.

#67 Mtoro_Maskati
Kadi ya picha gani?

#68 Panza_Mkoani
Ya ndani tu, Intel. Inode asilimia 9. /tmp ni drwxr-xr-x, haina t.

#69 Ngisi_wa_Wete
sudo chmod 1777 /tmp, uwashe upya. Hiyo peke yake, usiongeze kingine. Halafu tuambie.